Nembo za Bibi Fatu na Flashi Yangu

Nina hasira, na nawaambia mapema ili asije mtu akasema Mama Shaibu kaanza vizuri kisha kabadilika. Nina hasira na nyie vijana mnaopiga picha, na nina hasira na mimi mwenyewe, maana kosa mnalolifanya leo kwa simu nililifanya mimi kwanza kwa kamera. Nimepiga picha Newala na vijiji vyake tangu sijaolewa mpaka nimepata wajukuu. Nimeacha kazi kwa sababu ya mtoto wa jicho, si kwa sababu yenu, ingawa najua mnajisifu kwamba simu zenu ndizo zilizonifungia studio. Studio niliifunga mwenyewe, kwa kufuli langu.

Juzi nilikwenda harusini Makote, mgeni kama wageni wengine, sahani ya pilau mapajani. Tulikuwa chumbani kwa bibi harusi, chumba chenye dirisha moja dogo. Akaingia kijana na simu, akawasha taa yake, akammulika binti wa watu machoni kama anasaka panya nyuma ya gunia. Binti akafumba macho. Kijana akaiangalia picha, akasema haijatoka vizuri lakini ataitengeneza. Nikamuuliza ataitengeneza na nini. Akanijibu, kwa huruma kabisa, kwamba ipo programu ya kung'arisha na kulainisha uso, na kwamba mama kama mimi siwezi kuijua. Dirisha lilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa yule binti. Hakuna aliyelifungua. Pilau ikanishinda, nikairudisha jikoni.

Kulainisha naijua sana. Nitawaeleza nilivyoijua, lakini kwanza nisikilizeni nilivyofundishwa.

Nilijifunza kazi Masasi, kwa Mzee Rajabu, Myao mmoja mfupi, mwenye maneno machache na makali. Zama hizo ni za mkanda, na mkanda una picha thelathini na sita tu, ukiharibu umeharibu. Wiki ya kwanza hakunishikisha kamera. Alinipa yai la kuku na kigoda. Kazi yangu ilikuwa kuliweka yai juu ya kigoda ndani ya chumba chake chenye giza, kulisogeza karibu na mlango, kulirudisha nyuma, kuligeuza mlango uwe mbele yake, kisha uwe ubavuni, na kumwambia ninachoona. Siku ya kwanza nilimwambia naona yai. Akaniambia nirudi nyumbani nikapike, sina macho. Siku ya tatu ndipo nilipoona. Mwanga ukitoka mbele moja kwa moja, yai linakuwa kama duara lililochorwa kwenye karatasi. Ukitoka ubavuni, upande mmoja unang'aa, upande mwingine una kivuli, na katikati unaona kabisa kuwa hiki kitu ni cha mviringo, unaona hata vile vipele vidogo vya ganda. Mzee Rajabu akasema uso wa mtu ni hivyo hivyo, ila mtu anachoka kukaa.

Mafunzo hayo niliyabeba miaka mingi. Kisha ikaja kamera ndogo ya digitali, ile inayoingia kwenye pochi, nikayasahau yote. Nasema kweli tupu. Unaiwasha, inatoa kidomo chake, unabonyeza, na ikiona giza inarusha flashi yenyewe bila hata kukuuliza. Nilijiona nimemaliza kazi. Wateja nao walinisaidia kupotea. Huku kwetu picha ikitoka nyeusi inarudishwa. Mtu mweusi kama mimi anasimama kaunta anauliza kwa nini amekuwa mweusi, na wewe unaona haya kumjibu. Basi tukawa tunawapiga flashi wote, harusini, msibani, kwenye ngoma za kutoa wari wa unyago, watoto wa watu wanatoka weupe kama wamepakwa unga, na kila mtu anafurahi.

Tena zile kamera ni za kutunza kama mtoto mchanga. Ya kwanza niliiua mwenyewe msimu wa kupulizia mikorosho. Niliiacha barazani, jirani anapuliza salfa shambani kwake, upepo ukaleta vumbi lote kwangu. Nilipoiwasha, kidomo kikatoka nusu, kikalia krrr, kikagoma. Tangu siku hiyo kamera yangu ililala ndani ya soksi safi, na soksi ndani ya kopo lenye mfuniko. Nyie simu zenu mnazishika na vidole vya mafuta ya samaki, kisha mnasema kamera ina ukungu. Ukungu ni wa vidole vyenu. Futeni lenzi kwa pamba laini kabla ya jambo lolote, hiyo peke yake inaokoa nusu ya picha za ndani.

Sasa Bibi Fatu.

Alikuja studio mwanamke mmoja wa Chilangala, Mama Hadija, akaniomba nikampige picha mama yake nyumbani, kwa sababu mama hatoki. Bibi Fatu alikuwa mtu mzima sana, na macho yake yalikuwa hayavumilii jua. Akitoka uani machozi yanamwagika, kwa hiyo siku nzima alikaa chumbani kwenye kitanda cha kamba. Usoni alikuwa na nembo, ile michoro waliyochanjwa wanawake wa Kimakonde wa zamani. Unakatwa kwa kisu kidogo, unapakwa mkaa, na kidonda kikipona ngozi inabaki imeinuka. Kwake ilikuwa mistari inayovunjika na kupanda mashavuni kila upande, na mingine kwenye paji la uso. Vijana wengi hawajawahi kuona nembo kwa macho yao, na hao ndio wanaowacheka bibi zao.

Picha ile haikuwa ya kupamba ukuta. Bibi Fatu alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, anaitwa Somoe. Somoe aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, wakiwa bado wasichana. Ikaja vita ya huko, watu wakatawanyika, na habari zikakatika. Miaka ikapita mingi mpaka wakahesabiana kuwa wamekufa. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa vitenge anayevuka mto akasikia huko kuna bibi anaitwa Somoe, asili yake Newala. Akauliza. Lakini watu wa nyumba ile walikuwa wamechoshwa na wageni wanaojitia undugu kwa sababu ya mashamba, hawakumwamini. Somoe mwenyewe, ambaye naye alikuwa hawezi safari, akatoa neno moja: leteni uso wake. Walichanjwa msimu mmoja, na fundi mmoja, kwa hiyo akiuona uso atajua kama ni dada yake au si yeye.

Mama Hadija alinieleza yote haya. Siwezi kusema sikujua.

Siku ile nilikuwa na haraka, kuna harusi inanisubiri. Nilimkuta Bibi Fatu ameshapambwa. Kwa heshima na mapenzi, wajukuu walikuwa wamempaka mafuta ya nazi, na juu ya mafuta wamempaka poda. Chumba giza. Nikasimama mlangoni mbele yake, nikavuta zumu, nikabonyeza. Flashi ikapiga. Bibi akapiga kelele, akajifunika macho kwa kanga. Nikambembeleza, nikapiga tena. Mara mbili nilimchoma yule mama, kisha nikaaga nikaenda harusini kula.

Picha ilitoka nyeupe, laini, inang'aa kama sahani ya udongo. Nembo hazikuonekana. Flashi inayotoka mbele inajaza kila bonde na kila mwinuko sawasawa, kama lile yai, na poda ikamalizia. Na mnajua mimi nilisema nini? Nilisema imetoka safi. Mama Hadija naye alifurahi kuwa mama katoka kijana. Mwenye vitenge akaichukua akavuka nayo.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Mama Hadija alikuja kuniletea mwenyewe. Hakugomba, na ningeona afadhali angegomba. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaniambia kwamba Somoe aliishika ile picha asubuhi nzima, mwisho akasema huyu mwanamke hajachanjwa, si wa kwetu, na watu wa nyumba wakamwambia mwenye vitenge asirudi tena na habari hizo. Kisha akasema:

"Mama hali chakula. Anasema mdogo wake amemkana."

Nilifunga studio mchana ule ule. Niliiweka ile picha mezani nikaitazama, nikajitukana kwa Kimakonde, maana Kiswahili hakina matusi ya kunitosha. Mimi, mwanafunzi wa Mzee Rajabu, niliyekaa na yai wiki nzima. Kesho yake nikaenda Chilangala.

Bibi Fatu alinisikia sauti tu akageukia ukutani. Akamwambia binti yake aniambie kwamba kama nimekuja na ule umeme wangu, nirudi nao. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwapia kuwa flashi haitawaka. Nikakaa. Saa nzima nilikaa kwenye mkeka sijafungua hata pochi, naangalia mwanga unavyoingia chumbani na unavyotembea ukutani. Mwishowe akasema haya, fanya.

Hapa sasa fungueni masikio, maana kila nilichofanya siku ile mnaweza kukifanya na simu zenu.

Kwanza nilimwomba Mama Hadija amwoshe mama uso kwa maji ya uvuguvugu, poda yote itoke na mafuta yote yatoke. Mafuta yanaakisi mwanga na kuficha ngozi. Halafu tukamsogeza. Kutoka kitandani hadi karibu na mlango wa uani ni hatua tatu, na tulimshika mkono mmoja mmoja. Hakukaa mlangoni penyewe, jua lingemuumiza. Alikaa ndani, kivulini, ubavu wake wa kulia ukiwa upande wa mlango. Mlangoni nikatundika kanga moja nyepesi ili mwanga uingie kwa upole. Nikamuuliza kama macho yanamuuma, akasema hapana.

Nikazima flashi. Ipo alama ya radi iliyopigwa mstari, itafuteni. Nikaacha zumu. Ukivuta zumu kwenye kamera ndogo, lenzi inapunguza mwanga unaoingia, na kila mtetemo wa mkono unakua. Ukitaka uso uwe mkubwa, sogea wewe, miguu unayo. Nikapandisha ile namba ya ISO inayoipa kamera uwezo wa kuona gizani, lakini sikuipandisha mpaka juu, maana ikizidi inaleta chengachenga, na chengachenga zingekula ile mistari myembamba. Ukiacha namba chini kidogo, kamera inafumbua jicho lake kwa muda mrefu, kwa hiyo haitakiwi kutikisika hata chembe. Stendi sikuwa nayo. Nikageuza kinu, nikaweka juu yake kifuko cha kunde, nikailaza kamera humo ikazama vizuri kama kuku kwenye kiota. Nikaweka taima ya sekunde mbili ili hata kidole changu kisiisukume.

Zikaja shida zake. Kichwa cha mtu mzima kinatetemeka chenyewe, picha nane za kwanza zote zilicheza, zikatoka na ukungu. Nikamwegemeza kichwa kwenye nguzo ya ukuta, nikamwomba avute pumzi, aitoe, akae hivyo hivyo. Hapo ikatulia. Halafu nikajifanya fundi sana, nikafunika ungo kwa shuka nyeupe nikauweka upande wa kivuli ili urudishe mwanga. Uso ukawa mzuri, lakini nembo zikaanza kupotea tena. Nikautupa ungo nje. Kivuli ndicho kilichokuwa kinazionyesha, mimi nahangaika kukifukuza.

Mwisho kabisa, kamera ikiona giza inadhani imekosea, inaangaza kila kitu kwa nguvu, ngozi nyeusi inakuwa ya kijivu. Kuna kialama cha kuongeza na kupunguza mwanga. Nikapunguza. Nataka mlielewe hilo, maana ndipo ninapokasirika kuliko pote: ngozi nyeusi si kosa la kamera linalohitaji kusahihishwa. Niliiacha ngozi ya Bibi Fatu nyeusi kama alivyozaliwa, na kila mstari ukasimama juu yake na kivuli chake kidogo ubavuni.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliifuata mistari kwa ukucha, mmoja baada ya mmoja, shavu la kulia, paji, shavu la kushoto.

"Sasa nipo," akasema.

Kuisafisha nilikwenda mpaka Masasi, na kijana wa mashine ya kutolea picha akataka kuiongezea weupe kwa sababu ndivyo wateja wanavyopenda. Nilisimama begani kwake mpaka ikatoka kama nilivyotaka. Ikavuka mto. Mwenye vitenge alikuwa amekatazwa kurudi, akarudi hivyo hivyo, Mungu ampe heri. Akatueleza baadaye kwamba Somoe aliigusa ile picha mara moja tu akaanza kulia kwa sauti, akimwita dada yake jina la utotoni ambalo mwenye vitenge hakuwa analijua. Siku hiyo hiyo akataka naye apigwe, picha yake iletwe Chilangala haraka.

Bibi Fatu akaanza kula. Akaanza pia kuuliza kila siku kama picha imekuja. Mwezi ukapita, na mwingine, ikawa miezi.

Aliyekuja ni mjukuu wa Somoe, Alberto, kijana mkubwa wa heshima, Kimakonde chake safi kama chetu. Alikuja na habari mbili. Ya kwanza, bibi yake amefariki na ameshazikwa. Ya pili, picha hii hapa. Mama Hadija akaniita niende. Nilimkuta Bibi Fatu kakaa kitandani, picha mkononi. Nikaichukua. Niliona mwanamke mweupe, mashavu laini, paji laini, midomo imepakwa rangi ya waridi ambayo hakuipaka yeye. Hakuwa na nembo hata moja. Bibi Fatu akaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu wa picha, huyu binti ni wa nani.

Nikamvuta Alberto uani. Nikamuuliza alipigaje. Akasema bibi yake alikuwa kitandani, chumbani giza, picha ikatoka nyeusi, basi akaitia kwenye programu ya simu ikang'aa na kulainika. Nikamwambia sawa, nipe ile ya kwanza, ile nyeusi. Picha nyeusi ina kitu ndani yake, mtu anaweza kuihangaikia.

"Niliifuta," akasema. "Ilikuwa mbaya. Bibi alionekana mzee."

Nilimsema mpaka majirani wakatoka. Nilimuuliza alitaka bibi yake aonekane nini kama si mzee. Nilimuuliza mlango ulikuwa mbali kiasi gani. Akasema si mbali. Akaanza kulia, na mimi nikakumbuka flashi yangu, poda, na harusi niliyokimbilia, nikaacha kumsema. Kosa lake na langu lilikuwa moja. Ila mimi nilipata nafasi ya kurudi, na mtu wangu nilimkuta hai.

Tuliporudi ndani Mama Hadija aliniuliza kama kuna namna yoyote ya kuzirudisha nembo. Nikasema hakuna. Bibi Fatu akasema ipo. Akataka kalamu. Ikaletwa ya mtoto wa shule, ya wino mweusi, na akaamuru niishike mimi kwa sababu mikono yake inatetemeka. Akafumba macho akaanza kunitajia: anzia hapa, panda, vunja, shuka, vunja. Alinisomesha uso wa mdogo wake mstari kwa mstari, nami nikichora juu ya ile karatasi inayoteleza. Tukamaliza paji, tukamaliza shavu la kulia. La kushoto, nilipofika katikati ya mstari wa mwisho, akafumbua macho akanishika mkono.

"Simama hapo. Hapo ndipo alipomponyoka fundi akakimbilia mihogoni. Hakurudi kumaliziwa."

Mama Hadija alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Alberto akasema polepole kwamba ni kweli, bibi yake alikuwa na mstari mmoja uliokatika shavuni, na yeye maisha yake yote alidhani ni kovu, na ndicho kitu cha kwanza alichokilainisha.

Bibi Fatu aliivuta picha mpaka karibu na uso. Kisha akaitikia, kama dada mkubwa anavyomwitikia mdogo wake aliyeingia sasa hivi kutoka safari:

"Marahaba, Somoe."